Hodi kutoka Ndani

Nimebisha mara tatu nyumbani kwa mama,
na hodi ya tatu, wajua, ndiyo ya kuondoka.
Lakini siko mlangoni. Niko Tampere, ghorofa ya nne,
soksi mbichi juu ya kipasha joto,
na mama yuko Kainuu, kilomita mia nne na ushei,
mbele ya kompyuta ya marehemu baba
ambayo hajawahi kuigusa ila kuipangusa vumbi.

"Inasema nini?" namuuliza kwa simu.
"Haisemi. Inanitazama."

Kati yetu kuna ruta mbili na ukuta wa moto,
jina kubwa mno kwa kitu kisichounguza hata kidole.
Ni bawabu tu, tena kiziwi:
anayetoka humwandika daftarini,
jibu la aliyetoka hulipitisha,
lakini asiyeitwa, hata awe mwana wa kuzaliwa,
hamwambii karibu, hamwambii nenda.
Ujumbe wangu huanguka kizani
pasipo hata mlio wa kuanguka.

Tena kampuni ya simu, kwa ubahili wake,
imeupa ukingo mzima wa ziwa anwani moja,
kama shule ya wanafunzi mia sita
yenye sanduku moja la posta:
barua yangu imefika, naam,
ila hakuna ajuaye ni ya bweni lipi.

Ikabidi tutafute mshenga.
Yuko Frankfurt, mashine katika chumba cha baridi.
Haijui kwamba mama anaitwa Lempi,
wala kwamba Taisto alizikwa Februari
ardhi ikiwa ngumu hata tingatinga likalia.
Mshenga huyu ana habari moja tu:
binti anatokea tundu hili, mama anatokea tundu lile.
Humnong'oneza kila mmoja, kisha hukaa kando.

"Mama, bonyeza ile ya kijani nikisema tatu."
"Nibishe hodi nyumbani kwangu mwenyewe?"
"Ndiyo. Kutoka ndani."
"Haya ni mambo ya baba yako."

Moja. Mbili.
Tukatoka kwa pamoja,
hodi yangu ikaenda kwake, yake ikaja kwangu,
zikapishana mahali fulani juu ya misonobari,
na kila bawabu akafunua daftari lake, akaona:
kumbe huyu wa nje ni jibu la wa ndani.
Akapisha.

Simu ikawa kimya.
Kule kwake mshale ulikuwa umeanza kutembea peke yake,
taratibu, juu ya picha ya mbwa wetu aliyekufa zamani,
ukielekea folda iitwayo Barafu
kwa kuzunguka pembeni, kama alivyozunguka yeye.
Sikukusudia.
Mkono wake ndio ulionifunza kushika kipanya.

Miaka arobaini na mmoja, mstari kwa mstari:
siku ambayo ziwa lilifunguka.
Mstari wa mwisho una mwaka, hauna tarehe.

"Lini, mama?"
Nikasikia kijiko kikigonga kikombe,
kisha kikombe cha pili kikiwekwa mezani.
"Juzi, alfajiri. Sikumwambia mtu."

Nikaandika. Nikahifadhi.
Nikapeleka mshale kwenye kona ya kufungia.

"Hebu uache hapo hapo," akasema.
"Kahawa bado ya moto."