Jalada

"Jalada lako halionekani," wakamwambia dirishani.
Mara ya kwanza aliketi, akangoja.
Mara ya saba alikuja kwetu chamani,
chumba cha nyuma pale Cheyo,
meza moja, mhuri mmoja,
feni inayozunguka ikipenda.

Mihambo Kasubi, wa mtambo wa maji Igombe:
miaka thelathini na minne akiisikiliza pampu
kama mama asikilizavyo kifua cha mtoto.
Mji ulikunywa, ukaoga, ukasonga ugali,
jina lake haukulijua.
Sasa kiinua mgongo chake kina tundu:
themanini na tano hadi themanini na tisa
hakuna mchango, hakuna karatasi,
kana kwamba miaka ile maji yalijisukuma yenyewe
hadi Kiloleni.

Mimi ni katibu wa tawi. Gari sina.
Nina kalamu, na watu mia nne na sita
wanaokatwa ada kila mwezi
na kila mwezi wananiuliza ya nini.
Yeye ndiye aliyeanza kuuliza.
Mikutanoni alisimama nyuma, mkono juu:
"Katibu, ada zetu mnanywea chai?"
Nikajibu. Hakuridhika.
Nilimheshimu kwa hilo.

Tukaandika barua. Ikajibiwa kwa barua.
Nyamizi, muuguzi wa Kitete, akainuka kikaoni:
"Kesho, asiyezeeka asije."
Wakacheka. Wakanyamaza.
Wakaja: walimu, mabwana afya,
hata yule wa mochwari, glovu mfukoni,
wakajaza ngazi za ofisi wakitafuna michembe.
Siku mbili. Hakuna aliyeimba.
Ya tatu, dirisha likasema:
"Leteni ushahidi."

Aliyepoteza ndiye anayetaka kuonyeshwa!

Basi mkewe, Kalunde, akashusha sanduku la bati.
Miaka ile karatasi ilikuwa haba,
madaftari yalivikwa chochote.
Daftari la Hesabu, Darasa la Tatu, la binti yao,
lilivikwa hati ya mshahara,
maandishi nje, gundi ya ugali kwenye pindo.
Chini ya doa la mafuta ya taa tukasoma:
Oktoba 1987. Akiba ya uzeeni: imekatwa.
Na chini yake, mstari mwembamba,
ada ya chama: shilingi kumi na nane.

Mzee akausoma mstari ule mara mbili.
"Ile chai," akasema,
"nami nimiminieni kikombe."

Tukalibeba daftari vilevile lilivyo,
na hesabu zake za kugawanya,
mbili zimekosewa kwa wino mwekundu.
"Jalada limeonekana," nikasema dirishani.
Wakagonga mhuri: IMEPOKELEWA.

Pesa bado.
Nyuma yake wako thelathini na mmoja.
Wanakuja na masanduku kutoka Isevya, Ipuli, Urambo,
na kila Jumanne Mihambo huketi kwenye meza yetu,
miwani puani,
akiyavua majalada ya madaftari ya watu
polepole, pindo kwa pindo,
juu ya mvuke wa birika.