Homa ya Sitini

Ubao wa mwembe, unene inchi mbili,
niliubandua kabatini mwa nyumba moja Kibokoni
siku ilipovunjwa kupisha ghorofa.
Nikaulaza chini ya meza ya randa, juu ya gazeti.
Asubuhi gazeti limeota unga:
vichuguu vidogo, laini kama poda ya mtoto,
kila kimoja chini ya tundu lake.

Fukusi wamo.
Usiku, nikizima feni, nawasikia,
kr, kr, kr,
kama mtu anayetafuna bisi matangani
akidhani hasikiki.

"Upake mafuta ya taa," kasema jirani wa gereji.
Na Mwanasiti ataka mbuzi ya kukunia nazi!
Nani atakula wali unaonuka kibatari?

Basi nikaubeba begani hadi Bondeni,
kwa Feswali mwoka boflo.
Alinitazama, akautazama ubao:
"Huu nao watiwa hamira?"

Makaa alikwisha kuyakokoa, mikate imekwenda madukani.
Tukaacha mlango wazi, tanuri lipumue,
mpaka kipimajoto kikashuka kwenye sabini.
Tukatia na karai la maji, mti usikauke ghafla ukapasuka.
Hatuuchomi, nilimwambia. Twautia homa.
Homa ya sitini, ipenye hadi kiini
na ikae humo, isiwe na haraka.

Saa nne mpaka adhuhuri.
Feswali akasinzia juu ya magunia ya ngano.
Mimi sikusinzia.
Nilikuwa nawaza: nyumba ile
wenyewe walihama mwaka juzi,
paka wakafuata, kisha popo.
Hawa ndio waliobaki,
wapangaji wa mwisho, vyumba vyao vyembamba kama sindano,
na mimi niliwaokoa na tingatinga bila kujua
nikawaleta huku.

Ubao ulipotoka ulikuwa mwepesi kidogo,
wanukia embe lililosahauliwa juani.
Niliugonga kwa kifundo cha kidole.
Hakuna aliyejibu.

Kesho yake wateja wa Bondeni waliuliza
boflo zimetiwa nini, mbona tamu.
Feswali aliapa hajui.

Mwanasiti aligeuza mbuzi yake juu chini,
akahesabu matundu, kumi na moja,
akataka nimzibie.
Nikakataa. Nikampunguzia shilingi hamsini.

Gazeti jipya, siku saba, safi.
Usiku wa nane nilizima feni nisikilize.
Kimya.
Nikaiwasha tena.