Mizani ya Maji

Hoteli yetu ina vyumba tisa na haina namba.
Kila mlango umebeba nusu ya mshororo;
nusu ya pili imo ndani, juu ya kitanda,
mgeni hawezi kumaliza kusoma
bila kuvua viatu.
Wazo hilo ni la dada yangu Mahlaqa.
Mimi ni wa taulo, bili na mabomba.

Nyumba ilikuwa ya babu, Mirza Kobad,
karani wa maji katika mtaa huu wa Yazd.
Siku hizo maji yalikuja kwa miguu,
kilomita arobaini chini ya jangwa, gizani,
kwa handaki lililochimbwa na watu waliovaa meupe
ili likiwafukia
wawe wameshavaa sanda.

Kazi yake ilikuwa kugawa.
Bakuli la shaba, tundu jembamba kitakoni,
huelea karaini, hunywa taratibu, huzama:
hilo fungu moja. Funga kwa huyu, fungua kwa yule.
Mtoto wa jicho alipomwingia
akaacha kutazama, akaghani.
Mishororo kumi na miwili, pumzi ileile,
na bakuli liligonga chini palepale penye kituo.
Walikuja kumbishia na saa zao za mkononi,
wakarudi kimya.
Kwake mizani ilikuwa moja, ya maji na ya maneno.
Mimi nimebakiwa na minne:

    Nenda taratibu maji, usiku bado mpana;
    mjane hana mpaji, kiu yake ni ya jana;
    tajiri na mhitaji, bakuli ni lile, bwana.
    Shaba haijui cheo, izamapo ndipo kina.

Handaki limekauka. Visima vya umeme
viliunywa mlima kabla haujatufikia.
Maji ya dimbwi letu uani ni yaleyale tangu Machi,
yanazunguka kama mtu aliyesahau alichofuata.
Kwenye daftari la wageni wameandika:
hapa maji yanaghani.
Ni pampu. Iko nyuma ya mkomamanga, ndani ya sanduku
nililolipaka rangi ya udongo.
Mahlaqa aliniambia nisiseme. Sisemi.

Mwezi wa Tir umeme ukakatika, saa nane usiku.
Kimya kikawaamsha wageni.
Bibi Nosrat wa Ahvaz akashuka pekupeku,
shuka la hoteli mabegani:
"Maji yamekwenda wapi?"
Nilikuwa na uongo wa aina tatu, wote mzuri.
Badala yake nikachukua tochi.

Ngazi thelathini na nane hadi chini,
penye mfereji mkavu na mstari mweupe wa chumvi ukutani,
usawa wa kifua chake. Yalikuwa yakifika hapo.
Akauwekea kiganja
kama anayepima homa ya mtoto.
"Na kwetu," akasema, "kulikuwa na mto."
Hakuongeza neno.

Nikapanda, nikafungua kabati la kioo la mapokezi,
nikatoa bakuli na kibandiko chake,
nikajaza karai kwa maji ya tangi.
Nikaghani minne yangu.
Bakuli likawa linaelea tu,
halijafika hata nusu.
"Tena," akasema.
Nikarudia.
"Una haraka ya mtu mwenye bomba. Tena."

Mara ya tatu niliiacha kila silabi ishuke yenyewe,
nikasikia mahali babu alipokuwa akivuta pumzi,
baada ya *mjane*, sikuwahi kujua,
na shaba ilikuwa imebakiza ukingo, uzi mmoja wa mwanga,
nilipofika *izamapo*
taa zikawaka nyumba nzima,
pampu ikakohoa, dimbwi likaanza kuropoka juu yetu,
na hatukusikia kama bakuli liligonga.

Lilikuwa chini tulipotazama.

Asubuhi, kwenye bili yake,
sikuandika zile chupa mbili za maji.
Mahlaqa ameuliza. Nimemwambia nimesahau.