Awe Mwanamume

Mimi ndiye niliyechapa lile tangazo,
kwa vidole hivi, bado vina hina ya harusi ya mdogo wangu:
"Kiwanda cha mawese, Mwandiga.
Mwendesha mtambo. Awe mwanamume, mwenye nguvu,
umri usiozidi thelathini na tano, asiwe na kilema."
Sikusita. Nilikosea herufi moja kwenye "usiozidi",
nikairudia.

Likabandikwa getini kwa uji wa muhogo.

Nyanzobe alilisoma akiwa ameinama,
fagio mkononi, anakusanya kokwa za mise zilizomwagika.
Miaka ishirini na sita amepika mawese kwao Simbo,
katika pipa lililokatwa, kwa kuni mbichi,
akizunguka na mti wa kinu kama ng'ombe,
mimba tumboni, mtoto mgongoni.
Mawese ndiyo yaliyomsomeshea wanne.
Hapa kwetu ni mfagiaji.

"Choo ni kimoja," alisema meneja Ruhomvya
siku nilipothubutu kuuliza.
Nikajua basi kwamba haki nayo
huhesabiwa kwa matundu ya choo.

Machi, ngazi zimefurika,
malori yanapanga foleni kutoka Bitale na Mkigo,
taa ya mtambo ikawaka kijani: tayari.
Vijana wakaanza kujaza madumu.
Nyanzobe akaegemeza fagio ukutani.
"Bado yanaongea."
Nani anaongea, mama?
"Mafuta. Yakiiva hunyamaza. Hayo yana maji tumboni."
Wakacheka.
Wiki ya tatu madumu mia mbili yakarudi kutoka Kasulu,
yamechacha, yananuka kama soksi za masika.
Sikusikia mtu akicheka.

Na Minani, hasikii tangu surua ya utotoni.
Dada yake alimleta, wakampa kupakia mizigo tu.
Lakini ndani ya chumba cha mtambo, chuma kikinguruma,
sote tu viziwi, tunapigiana kelele za bure;
yeye peke yake ana lugha.
Kiganja juu: simamisha.
Vidole viwili shingoni: mkanda umelegea.
Siku hizi hata Ruhomvya anaongea kwa mikono,
vibaya, kama mtoto anayejifunza kumega ugali.

Sisemi kwamba mambo yamenyooka.
Choo cha pili kimejengwa, mlango bado,
tumetundika khanga.
Nyanzobe anakaa kwenye mtambo, lakini bahasha yake
ni nyembamba kuliko ya kijana anayemfundisha kazi.
Najua. Mimi ndiye ninayezigawa.
Yangu sijawahi kuilinganisha na ya Ezroni wa stoo.
Naogopa.

Jana nimeambiwa nichape tangazo jipya.
Nikafungua lile la zamani, nikaanza kufuta.
Awe mwanamume, nikafuta.
Asiwe na kilema, nikafuta, mkono ukitetemeka kidogo.
Mwenye nguvu: hapo nilikaa,
nikaukumbuka ule mti wa kinu,
nikalifuta pia,
maana siku zote halikuwa likisema nguvu.
Kikabaki:
"Anahitajika mtu
anayejua mafuta yanaponyamaza."

Ruhomvya amelisoma mara mbili. Amekuna kichwa.
Amelitia kwenye droo.
Hajasaini.
Hajalichana pia.