Zimeni Simu

Zimeni simu, nasema, na taa zenu za kichwani.
Nasema kwa Kiarabu, kisha kwa Kiingereza cha kuungaunga,
kisha kimoyomoyo kwa Kiswahili, lugha ninayohesabia:
moja, mbili, tatu. Dakika ishirini
ndizo jicho linazodai kabla halijaliamini giza.

Wamekuja saba usiku huu wa Machi, Jebel Shams,
magari mawili kutoka Dubai, mablanketi ya hoteli mabegani.
Mmoja bado anatafuta mtandao.
Chini yetu korongo limeachama, halisemi kitu;
mbuzi huko ndani anakohoa kama mtu.

Dakika ya nane wanacheka.
Ya kumi na mbili wananyamaza.
Ya kumi na tano, mwanamke aliyepanda mlima na viatu vya visigino
anasema "Ah." Basi, "Ah,"
kama aliyemwagiwa maji mgongoni.

Nawasha kalamu yangu ya mwanga wa kijani,
nauvuta uzi hadi angani:
ile pale Suheli, ya kusini, aliyopewa jina mjomba wangu;
ile Mshtarii, haikonyezi, sayari hazina mzaha;
na kule magharibi, kabla hakijatua, Kilimia,
vifaranga sita wamejikunyata.
Wa saba muulizeni mwenye macho.

Nawaeleza habari za babu mzaa baba, kijijini Misfa,
aliyegawa maji ya falaji kwa nyota.
Nyota ikigusa bega la ukuta, zamu yake imekwisha:
ziba huku, zibua kule, maji yaende kwenye ndimu za nduguye.
Kwa upana wa nyota moja walinuniana miaka tisa,
hata matangani hawakupeana mkono.
Siku hizi wana saa ya ukutani.
Ugomvi ni uleule, ila hauangalii tena juu.

Ndipo mtoto, Maitha, miaka sita, akaanza kulia.
Si baridi. Si njaa. Ameinua kidole:
"Nyingi mno. Nani atazizima tukilala?"
Baba yake akaniomba radhi.
Kazi hii nina mwaka wa nne, majibu ninayo mfukoni:
umbali, umri, kwa nini hii nyekundu, kwa nini ile imedondoka.
La hili sikuwa nalo.
Nikachuchumaa. Funika jicho moja, nikamwambia.
Haya, sasa zimebaki nusu.
Akapima. Akanitazama
kama atazamwavyo muuza duka mwenye mizani mbovu,
lakini kilio akakiacha.

Saa saba. Wageni wamo mahemani,
zipu ya mwisho imeshalia.
Naifuta darubini umande, na kule ukingoni kusini
naona unajikokota, Msalaba,
umeinama, mguu wake karibu kugusa vumbi,
kama mtu anayechungulia mlangoni asijue kama amealikwa.
Mama aliuona Wete, juu ya bati la jiko,
umesimama wima, anasema, huhitaji kuutafuta,
ulikuwa wa nyumbani kama ndoo.
Sasa yuko Nizwa, ghorofa ya tatu,
ng'ambo ya barabara kituo cha mafuta kisicholala.
Dirisha lake lina rangi ya chai ya maziwa usiku kucha.
Huniuliza kila msimu: umeshaupata?

Nikawasha simu niliyowakataza wenzangu.
Nikaupiga picha, nikamtumia.
Nilipoitazama ilikuwa mraba mweusi,
hata chembe moja,
mraba mweusi na kidole changu pembeni.

Akajibu papo hapo, kumbe yu macho:
Nimeuona.

Kisha, baada ya kitambo:
Umevaa sweta?