Harufu Huja Saa Nane ya Usiku

Tulifika Mchangamdogo saa nne asubuhi,
mimi na Shaame wa maabara, na pampu,
na mifuko angavu iliyokunjwa kama shuka za hospitali.
Kombo, mwenye ng'ombe kumi na mmoja,
alikwishafagia banda, kamwaga na majivu.
Sheha kakaa kivulini na daftari.

Shaame akautia mfuko ndani ya pipa, akalifunga,
akanyonya hewa ya pipani, si ya mfukoni.
Harufu haiburutwi, alisema;
unaipa nafasi, inakuja wenyewe.
Mfuko ukavimba kama shavu la mpiga zumari.
Dakika kumi.
"Isipofika kesho kwa zile pua sita za Wete
itakuwa imeshavuja. Na mfuko nao
una harufu yake."

Mimi nikavunja ncha za mrija wa kioo,
mwembamba kama kalamu, chembe za mkaa ndani.
Mrija unahesabu.
Hauwezi kukwambia kama utatapika.

Tarakimu zikatoka ndogo. Kombo akamtazama sheha.
Jua limepanda, upepo unakwenda kondeni,
na uani kwa jirani karafuu zimeanikwa:
ikabidi na hilo tuliandike.

Ndipo Bi Mize Hamad, mwenye kushitaki,
akatoka na makopo saba ya maziwa ya unga,
vifuniko vimebanwa kwa mpira wa baiskeli.
"Nyie mna saa za kazi," akasema.
"Harufu haijaajiriwa."

Kila usiku, baada ya Isha,
alilowesha kipande cha kanga akakitundika dirishani,
kabla ya adhana ya alfajiri akakitia kopo.
Maneno ya kanga yamekatwa, limebaki SISEMI.
Juu ya kila kopo alama ya mkaa:
usiku wa upepo, usiku uliolala.

Shaame alicheka kidogo.
Kisha akafungua la Jumanne.
Tuligeuza nyuso sote,
na Kombo ndiye aliyetangulia.

Jioni nikachora jedwali.
Mfuko: dakika kumi. Mrija: saa moja.
Kanga: usiku kucha.
Safu ya mwisho ni Mapungufu.
Kwa mfuko nilijaza mistari mitatu,
kwa mrija miwili.
Kwa kanga niliandika, haina tarakimu,
nikabaki nimeshika kalamu.

Bi Mize akatuma mtoto: anataka kopo lake
kabla ya magharibi.
Majani ya mgomba yalikuwa hayatikisiki.