Pale Nisiposimama

Kazi yangu ni kusema huku natembea kinyumenyume.
Miaka kumi na tisa, kadi shingoni,
naanzia langoni mwa Ngome saa tatu asubuhi
kabla mawe hayajashika moto.
"Jengo hili," nawaambia, "lina umbo la mtu aliyelala chali."
Hapo hunyamaza kidogo.
"Amelala tangu elfu moja mia tano tisini na tatu
na mpaka leo hajalipa kodi ya nyumba."
Hucheka. Hata Wajerumani hucheka.

Jumanne ile walikuwa saba, wa melini.
Mmoja hakucheka: mama wa makamo, Lurdes,
kifundo kimevimba juu ya kiatu cha mpira,
anaitazama miguu yangu badala ya mizinga.

Nilipotaja meza, aligeuka.
Nilipotaja leso, alitabasamu.
Niliposema wazee wetu wakiiita ngome hii Gereza,
akauliza, "Gereza? Kwetu neno hilo ni kanisa."
"Kwetu ni pale babu alipolala miezi minne
kwa kosa la baiskeli isiyo na taa."
Sita hawakujua wacheke au wasicheke.
Yeye alijua.

Tukashika Ndia Kuu. Milango ya nakshi,
mbaazi zachemka na tui mahali fulani,
paka watatu juu ya boneti ya gari lisilo magurudumu.
Nasimama hapa, nasimama pale, natoa tarehe
kama mtu anayegawa karata.

Iko nyumba moja nisiyoisimamia.
Hapo naongeza mwendo, napandisha sauti,
nawaonyesha upande wa pili, duka la vinyago.
Miaka yote hakuna aliyegundua.
"Hapa," akasema Lurdes polepole, "umekimbia."

Kumbe ni mwenzangu!
Kwao Lisbon huwapandisha watu vilima,
huwashusha ngazi, huwahesabu vichwa,
na mwisho huwapanga ukingoni mwa mto,
ananyoosha mkono: "Hapa merikebu ziling'oa nanga."
"Kisha husemaje?"
"Kisha," akasema, "huwapeleka kula keki."

Nikacheka mpaka kadi ikanigonga kifua.
Maana mimi huanzia zilipotia nanga.
Hotuba moja, imekatwa kati,
kila mtu anakula kwa kipande chake.

Wenzake wakipatana bei ya vikoi,
akaniambia na yeye ana mlango wake,
kichochoroni, alikozaliwa.
Siku hizi una kisanduku cha namba, ndani yake ufunguo,
wageni wa siku mbili mbili.
Akifika hapo huwaonyesha watu ndege.

Tukarudi nyuma, sisi wawili.
Nikasimama. Maneno hayakuwa tayari.
"Hapa bibi yangu, Shuweikha, aliuza kashata dirishani.
Baraza hii ilikuwa ndefu zaidi.
Au mimi nilikuwa mfupi.
Iliuzwa mwaka..."
Mwaka ukanipotea. Mimi, mtu wa tarehe!
"Waliouza ni sisi. Nilitia sahihi, wa tatu."

Hakusema pole.
Alinishika mabega akanigeuza
kama mtu anayenyoosha picha iliyopinda ukutani.
"Anayetembeza wageni ndiye hutazama jua," akasema,
"wao wasikunje macho."
Akachechemea kurudi kwa wenzake.
Bahashishi alinipa kama wengine, wala hakuzidisha.

Jumatano, wageni kumi na mmoja.
Nimebadilisha upande, jua lote usoni,
na juu ya vichwa vyao naliona lango,
na kando ya ukuta ufito wa bahari
niliokuwa nimeupa kisogo tangu nianze kazi.
Nikasema karibuni.
Nikasema mtu aliyelala chali.
Mzaha wa kodi nikausahau.